Presha ya mimba: homoni hazizidi, mishipa ndiyo inayobadilika

Kaa na kina mama kwenye benchi la kliniki, iwe Wete au Makunduchi, asubuhi ambayo mmoja wao ametoka chumbani uso umemshuka kwa kuambiwa presha imepanda. Haupiti muda sababu zinaanza kumiminika. "Mawazo hayo." "Chumvi hiyo shoga, wewe na ng'onda hamwachani." Na siku hizi yupo mwenye simu atakayekata shauri: "Homoni zake zimezidi." Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonikalisha kuandika, kwa sababu nusu yake ni kweli, na nusu iliyobaki inawapoteza watu.

Homoni zimo katika kisa hiki tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini katika ile presha mbaya zaidi ya mimba, inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, homoni zinazojulikana kwa kupandisha presha mara nyingi hukutwa ziko chini kuliko za mjamzito mwenye afya. Homoni chini, presha juu. Akili inakataa, na ndipo penyewe pa kuanzia.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Kwa mjamzito, presha huhesabiwa kuwa imepanda ikifika 140 ile ya juu au 90 ile ya chini, na ikarudiwa kupimwa ikawa vile vile. Ikifika 160 au 110 ni dharura, hakuna habari ya njoo kesho. Yupo anayeingia kwenye mimba na presha yake ya zamani, au ikaonekana kabla ya wiki ya 20. Huyo ana presha sugu. Yupo anayeipata baada ya wiki ya 20 bila jambo jengine lolote. Na yupo ambaye baada ya wiki hizo presha inapanda pamoja na protini kutoka kwenye mkojo, au figo, ini, ubongo au damu yenyewe kuonesha kuwa imeguswa, au mtoto tumboni akawa hakui inavyotakiwa. Hiyo ya mwisho ndiyo priklampsia. Akikakamaa na kutupa mikono na miguu, imekuwa kifafa cha mimba. Wa kundi la pili anaweza kuingia la tatu ndani ya siku chache, kwa hiyo asiambiwe tu "yako ni ndogo" akaachiwa aende zake.

Namba zenyewe zina masharti. Mama amepanda daladala, amesimama nusu ya safari, ameingia kwa haraka akiogopa foleni, mkanda unafungwa juu ya mkono wa baibui na huku anajibu maswali. Namba itakayotoka hapo haifai kuandikwa kwenye kadi. Anatakiwa apumzike dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko chini haikukunjwa, mkono umepandishwa usawa wa moyo, nguo imetolewa pale panapofungwa mkanda, na asizungumze. Muuguzi akikwambia ukae kwanza, hajakuchelewesha.

Sasa mimba iliyo salama, maana huko ndiko kwenye ajabu. Damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na moyo husukuma zaidi. Estrojeni, homoni inayotoka kwa wingi kwenye kondo la nyuma, hulifanya ini litoe malighafi nyingi ya angiotensini. Figo nazo huongeza renini, inayoikata malighafi hiyo, na baada ya hatua moja zaidi inapatikana angiotensini II, ambayo ni miongoni mwa vitu vyenye nguvu kubwa ya kubana mishipa katika mwili wa binadamu. Hiyo nayo huziamsha tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zitoe aldosteroni, ambayo kazi yake ni kuzuia chumvi na maji visitoke na mkojo. Ukipiga hesabu, kila mjamzito angekuwa na presha. Badala yake presha inashuka, na katikati ya mimba huwa chini kuliko ilivyokuwa kabla hajashika mimba.

Inashuka kwa sababu mishipa imelegea. Projesteroni, homoni nyengine ya mimba, huilegeza, na tena huenda kukaa pale pale ambapo aldosteroni ingekaa kwenye figo, ikaipunguzia makali. Homoni ya relaksini nayo husaidia kutanua. Ngozi ya ndani ya mishipa hutoa gesi ya naitriki oksaidi pamoja na prostasiklini, zote mbili za kutanua. Juu ya yote hayo, mishipa ya mjamzito huipuuza angiotensini: iko nyingi kwenye damu, inagonga, haijibiwi.

Mwaka 1973 Norman Gant na wenzake wa Dallas, Marekani, walionesha jambo hili kwa namna ambayo haijasahauliwa. Waliwafuatilia wasichana wenye mimba ya kwanza, wakawatilia angiotensini kidogo kidogo kwenye mshipa na kuangalia ni kiasi gani kinahitajika ili presha ipande. Waliomaliza mimba zao salama walihitaji dozi kubwa mpaka mwisho. Waliokuja kupata presha walianza kuupoteza ule ukinzani wiki nyingi kabla, wakati kadi zao bado zinaonesha namba nzuri. Kwa hiyo anayesema "mwezi uliopita ilikuwa sawa" hasemi uongo. Mishipa ilikuwa imeshabadilika, namba ilikuwa haijafika.

Nani kaibadilisha? Kidole kinaelekea kwenye kondo la nyuma. Kondo likiwa changa, chembe zake hupenya kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi na kuibomoa misuli ya vimishipa vya mama vinavyolisha, mpaka vikawa mapana na havibaniki tena. Kazi hii hufanyika katika nusu ya kwanza ya mimba. Ikifanyika nusunusu, vimishipa hubaki vyembamba, kondo halipati damu na oksijeni ya kutosha, nalo huanza kumwaga vitu kwenye damu ya mama. Kimoja kimechunguzwa kuliko vyengine, protini inayoitwa kwa kifupi sFlt-1. Mwilini ziko homoni za kuilea mishipa, hasa VEGF na PlGF, ambazo hufika kwenye ngozi ya ndani ya mshipa na kuiweka katika hali yake ya kutanuka. sFlt-1 huelea kwenye damu kama dema lililotegwa njiani: homoni inaingia humo, haifiki ilikokuwa ikienda. Mwaka 2003 kundi la Ananth Karumanchi, Boston, liliwapa panya protini hiyo. Presha ikapanda, protini ikatoka kwenye mkojo, na figo zao zikawa na uharibifu ule ule unaoonekana kwa wanawake wenye priklampsia.

Hapo utaona kwa nini unaambiwa ulete mkojo kila mara. Chujio la figo linaitegemea VEGF liwe zima. Ikinaswa, chujio linaachia, na protini inapita. Kile kijiti kinachochovywa kwenye kikopo kinaangalia mishipa yako ya ndani kabisa, na hakina mbadala wa kukisia kwa macho.

Kwamba chanzo ni kondo na si mtoto, ushahidi wake uko wazi hata bila maabara. Mimba zabibu kwa kawaida haina mtoto, ni kondo lililokua vibaya, na huweza kuleta priklampsia hata kabla ya wiki ya 20. Mimba ya pacha, yenye kondo kubwa, ina hatari zaidi ya mimba ya mtoto mmoja. Na tiba inayoondoa chanzo chenyewe ni kondo kutoka. Ndiyo maana daktari anaweza kukwambia uzazishwe mapema hali ya kuwa mtoto anacheza vizuri tu.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 1999 watafiti wa Berlin, Gerd Wallukat akiwa mmoja wao, walikuta katika damu ya wanawake wenye priklampsia kinga za mwili zinazoshika pale pale inaposhika angiotensini na kuiamsha mishipa ibane. Homoni yenyewe haijazidi. Kuna mwengine anayefanya kazi yake. Na kuna mvutano mwengine tena: prostasiklini, inayotanua, hupungua, huku thromboksani, inayobana na kugandisha damu, ikibaki na nguvu. Huu wa mwisho tutaurudia kwenye aspirini.

Pemba imo katika utafiti huu kuliko watu wengi wanavyojua. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, pale Wawi, Chake Chake, ilikuwa moja ya vituo vitatu, pamoja na Sylhet ya Bangladesh na Karachi ya Pakistan, vilivyokusanya damu, mkojo na vipande vya kondo kutoka kwa wanawake waliofuatiliwa tangu mimba changa, katika utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani. Shabaha mojawapo ni kutafuta alama zitakazomtambua mapema mwenye kuelekea kwenye priklampsia. Binafsi naona mama wa Pemba aliyekubali kutoa kondo lake likahifadhiwe kwenye barafu, katika jamii ambayo kondo huzikwa kwa heshima yake, kafanya jambo zito.

Sasa swali la mwenye akili. Ikiwa ubaya ni mishipa kuisikia angiotensini, kwa nini asipewe dawa ya kuizuia angiotensini? Dawa hizo zipo, na katika nyumba nyingi zimo kwenye mkoba wa bibi: kaptoprili, enalaprili, losartani. Hazitakiwi kabisa kwa mjamzito. Figo za mtoto aliye tumboni zinaihitaji angiotensini ili zijengeke na zifanye kazi. Ikizuiwa, mtoto hakojoi, maji ya uzazi yanakauka, na figo zinaweza kuharibika moja kwa moja. Mama mkwe mwenye huruma anayesema "chukua kidonge changu, mimi kinanishusha" anampa mkwewe sumu ya mjukuu. Anayetumia dawa hizo kwa presha ya zamani aseme anapotaka kushika mimba, abadilishiwe. Zinazotumika kwenye mimba ni nyengine, methildopa, nifedipini na labetaloli, kwa dozi ya anayejua.

Mambo ya kuvimba na chumvi nayo yamechanganywa sana. Katika priklampsia mwili unaweza kuvimba uso na mikono huku damu ndani ya mishipa imepungua maji na kuwa nzito, kwa sababu ngozi ya mishipa inavuja na maji yamekwenda kukaa nje. Kwa hiyo dawa ya kukojoa inayonunuliwa dukani inazidi kuikausha damu ambayo imeshakauka. Kunyimwa chumvi hakukuoneshwa kuzuia priklampsia, na Shirika la Afya Duniani halishauri njia hiyo kwa lengo hilo, wala halishauri kulazwa kitandani nyumbani kama kinga. Simwambii mtu aongeze ng'onda. Nasema tu mwanamke asibebeshwe lawama ya chungu chake.

Dalili ukizifahamu kwa mishipa hazikupotei. Mishipa ya ubongo ikisumbuka, kichwa kinauma na hakisikii panadoli, macho yanaona vimulimuli au ukungu. Ini likivimba, maumivu yanakuja kwenye chembe cha moyo au chini ya mbavu za kulia, na hapa ndipo wengi wanapoponzwa, wakidhani ni kiungulia na kutafuna tangawizi usiku kucha. Ukizidi mwezi wa tano na ukapata mojawapo, hospitali ni usiku huo huo. Kwa anayekaa Kojani au Tumbatu, ambaye lazima avuke bahari kwanza, hesabu ya saa inaanza mapema zaidi.

Akianguka na kukakamaa, wapo watakaosema kapandwa. Kisomo kisomwe, lakini kisomwe garini huku gari inakwenda. Hospitali atapigwa sindano ya magnesiamu salfeti, ambayo kazi yake si kushusha presha bali kuulinda ubongo. Utafiti uliotolewa mwaka 2002, katika nchi 33 na wanawake zaidi ya 10,000 wenye priklampsia, ulionesha kuwa sindano hiyo hupunguza kifafa kwa zaidi ya nusu.

Kuna kundi dogo ambalo kwao kauli ya "homoni zimezidi" ni sahihi neno kwa neno. Tezi ya adrenali ikiwa na uvimbe unaotoa aldosteroni bila kipimo, presha inapanda na potasiamu kwenye damu inashuka. Uvimbe wa aina nyengine kwenye tezi hiyo humwaga adrenalini kwa vishindo: mama anatoka jasho, moyo unamwenda mbio, kichwa kinapasuka, kisha anatulia, halafu inarudi. Huu ni adimu lakini usipogunduliwa unaweza kumuua mama siku ya kujifungua. Kotisoli iliyozidi na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi nazo zimo. Kinachomtia daktari shaka ni presha kubwa inayokuja kabla ya wiki ya 20, au isiyoshuka kwa dawa tatu.

Na kuna ukoo mmoja ulioelezwa na watafiti wa Marekani mwaka 2000, ambao pokeo la aldosteroni, yaani pale homoni hiyo inaposhika ili ifanye kazi, lilizaliwa na kasoro ndogo. Kwa watu hao projesteroni, badala ya kuizuia aldosteroni, inafanya kazi ya aldosteroni. Wanawake wa ukoo huo presha zao ziliruka vibaya kila walipobeba mimba, kwa homoni ile ile inayotuliza presha za wanawake wengine wote. Huenda usikutane nao maisha yako yote, ila wao wanafundisha kuliko kitabu kizima: homoni ile ile, kiasi kile kile, mpokeaji tofauti.

Kinga. Madini ya kalsiamu yakipungua kwenye chakula, tezi ndogo zilizoko nyuma ya tezi ya shingo hutoa homoni ya parathiroidi, na figo hutoa renini. Matokeo yake kalsiamu huingia ndani ya misuli ya mishipa na misuli hiyo hubana. Kwa hiyo mwenye upungufu akipewa kalsiamu, mishipa hulegea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliofanywa India na Tanzania kwa wanawake 11,000 kila nchi, wote mimba ya kwanza, ulionesha kuwa miligramu 500 kwa siku zinazuia priklampsia sawa na 1,500, yaani kidonge kimoja badala ya vitatu. Kwenye sahani ya Zanzibar kalsiamu iko kwa dagaa, wanaoliwa wazima na miiba yao. Changu na jodari ni watamu, ila miiba yao inakwenda kwa paka.

Aspirini ya dozi ndogo huipunguza thromboksani na kuiacha prostasiklini ipumue. Inamfaa mwenye hatari kubwa: aliyewahi kupata priklampsia, mwenye presha sugu, kisukari au ugonjwa wa figo, mwenye mimba ya pacha. Shirika la Afya Duniani linataja miligramu 75 kwa siku. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 2017 ulitumia 150 kila usiku na ukapunguza kwa zaidi ya nusu priklampsia ya kabla ya wiki ya 37. Isinunuliwe kiholela, lakini lililo kubwa ni wakati wake. Huanzishwa kuanzia wiki ya 12 na isichelewe kupita ya 20, kwa sababu inalikuta kondo lingali linachimba vimishipa. Na sisi mimba changa hatuitangazi. Hasadi ipo, jicho lipo, na mwanamke anafunga kanga vizuri mpaka tumbo limkatalie. Simlaumu. Lakini kuwaficha majirani ni jambo moja, kumficha mkunga ni jengine, na anayefungua kadi mwezi wa tano huku mimba ya nyuma alipata kifafa, aspirini imeshampita.

Halafu kuna arubaini. Kondo likishatoka watu hushusha pumzi, na kwa kiasi kikubwa wana haki. Ila vitu lilivyovimwaga havitoki kwenye damu siku ile ile, na maji yaliyokuwa yamekaa nje ya mishipa yanaanza kurudi ndani. Presha inaweza kupanda tena kati ya siku ya tatu na ya sita, na kifafa kinaweza kuja baada ya kujifungua hata kwa ambaye presha yake ilikuwa nzuri mimba nzima. Siku hizo mzazi yuko kwao, anakandwa kwa maji ya moto, analetewa uji wa pilipili manga na supu ya pweza, wageni wanaingia na kutoka. Akisema, "Mama, kichwa hakiachi," anajibiwa, "Uchovu huo mwanangu, hujalala." Pengine ni uchovu. Mkanda wa presha unajibu kwa dakika moja. Presha ikidumu baada ya wiki 12, haihesabiwi tena kuwa ya mimba, na aliyewahi kupata priklampsia ana hatari ya maradhi ya moyo ukubwani mara mbili ya mwenziwe, kwa hiyo kupima presha kila mwaka kunamhusu hata akishamaliza kuzaa.

Limebaki la uzazi wa mpango, kwa sababu nasikia wakisema presha imeletwa na vidonge vya miaka mitatu nyuma. Vidonge vya majira vyenye estrojeni vinaweza kweli kupandisha presha kwa baadhi ya wanawake, kwa njia ile ile ya ini kutoa malighafi ya angiotensini, lakini presha hiyo kwa kawaida hushuka vikiachwa; haisubiri miaka mitatu ikaingia kwenye mimba. Aliyetoka kwenye presha ya mimba ndiye anayepaswa kuwa na hadhari navyo. Vidonge vya projesteroni peke yake, kipandikizi na kitanzi havina estrojeni, na hiyo ndiyo sababu ya kuulizwa habari za mimba iliyopita na kufungwa mkanda kwanza kabla hujapewa njia yoyote.